Nifundishe vita vya Luweero kwenye darasa lenye watoto wa pande zote? Wiki hii imenishinda

ChakiNaUfutio (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari.

Nafundisha Historia na Elimu ya Siasa, S.3 (kidato cha tatu), shule ya mchanganyiko nje kidogo ya Kampala. Juzi tulifika kwenye vita vya 1981 hadi 1986, waasi wa Museveni (NRA) dhidi ya serikali ya Obote. Nilianza vizuri tu: uchaguzi wa Desemba 1980 na malalamiko ya kura, waasi kushambulia kambi ya jeshi ya Kabamba tarehe 6 Februari, halafu Luweero. Nikawaambia kila mmoja aulize nyumbani aje na simulizi moja ya wakati ule au ya vita vingine vyovyote ambavyo familia yake iliviona. Mtaala mpya si unataka mwanafunzi atafute mwenyewe? Basi nikawatuma watafute.

Jumatatu msichana mmoja ambaye kwao ni Nakaseke akasoma ya bibi yake. Askari walikuja asubuhi, wakakusanya wanaume wa kijiji, babu hakurudi. Akamalizia: "Waliofanya hivyo walikuwa Anyanya." Kijana wa Kitgum anayekaa nyuma yake akauliza Anyanya ndio nani. Kuna mtu akajibu kutoka kona: "Ni nyinyi." Darasa likaangua kicheko.

Kesho yake kijana akaleta ya kwake. Mama yake amekulia kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, wakati wa Kony, kiongozi wa waasi wa LRA. Akasoma habari za njaa, za waasi kuja usiku, na za askari wa serikali waliotakiwa kulinda kambi na walichowafanyia wanawake. Alipofika mwisho akamgeukia yule msichana: "Na hao walikuwa watu wa kwenu."

Sasa hawataki kukaa dawati moja, na wenzao wamegawanyika. Mzazi mmoja amempigia mkuu wa shule. Mkuu ameniambia nifundishe kile kitakachotoka kwenye mtihani wa taifa wa UNEB, basi.

Naombeni mawazo. Somo hili linasaidia amani kweli, au natonesha vidonda vya watu?

Kijana_wa_Ntinda
Pole mwalimu. Mimi niko na mkuu. Yaliyopita si ndwele. Watoto wa 2009 unawabebesha mizigo ya babu zao ili iweje? Wafundishe kompyuta.

Adhola_TZR
@Kijana_wa_Ntinda huo mzigo walikuja nao. Mtoto wa S.3 jina la Anyanya kalitoa wapi, kwenye kitabu cha NCDC, wale watunga mitaala? Kalipata nyumbani kwa bibi, jioni, jikoni. Yule wa Kitgum naye kapewa na mama yake. Kila mmoja ana historia kamili kabisa kichwani, tatizo ni ya upande mmoja, na darasa la mwalimu ndipo mahali pa kwanza zilipokutana. Ulitegemea zikumbatiane?

Afande_Mstaafu
Nasahihisha kwanza. Anyanya walikuwa waasi wa kusini mwa Sudan, vita vyao viliisha 1972. Amin aliingiza baadhi yao jeshini, ndipo watu wa Buganda wakaanza kumwita hivyo kila askari mrefu mweusi. Jeshi la serikali ya Obote la 1981 lilikuwa UNLA. Ndiyo, Waacholi na Walango walikuwa wengi humo, lakini walikuwemo na wa makabila mengine. Mwalimu, ungeanzia hapo kabla hujawatuma kwa mabibi.

Mimi mwenyewe ni wa Semuto. Nyumba yetu ilichomwa, nikajiunga msituni nikiwa na miaka 12. Nilikuwa kadogo, yaani askari mtoto wa NRA. Kwa hiyo ninayoyasema sijayasoma popote.

MamaKinawataka
Afande shikamoo. Lakini bibi aliyempoteza mumewe hatakaa kuuliza huyu ni UNLA au ni Anyanya. Anakumbuka lugha waliyoongea na rangi ya viatu.

Kijana_wa_Ntinda
Lugha waliyoongea ni hii tunayoandika hapa 😅 Bibi yangu wa Wobulenzi hadi leo nikiongea Kiswahili kwenye simu ananifukuza nitoke nje. Kwake Kiswahili ni "panda gari", na aliyepanda lile gari hakuonekana tena.

Mhaya_Bukoba
Ndio maana kinafia kwenu, bibi anakitoa nje kila siku.

Salamu kutoka ng'ambo ya Kagera. Sisi huku vita hivi tulifundishwa bila shida yoyote. Oktoba 1978 Amin alivamia, akavunja daraja la Kyaka, akasema eneo ni lake. Mwalimu Nyerere akasema sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Mashujaa wetu wamelala Kaboya, wanafunzi wanapelekwa kuona. Hakuna anayegombania dawati.

Nnalongo_Masaka
@Mhaya_Bukoba hamgombani kwa sababu darasa lenu lina upande mmoja tu. Na Masaka je, mnaifundisha? Mji wetu ulipigwa mizinga na kulipuliwa Februari 1979, na Mutukula pale mpakani ilisawazishwa na ardhi mwezi mmoja kabla. Mimi nimekulia karibu na magofu ya jengo la ghorofa lililobaki nguzo tupu, tulikuwa tunacheza mle kombolela. Waliotukomboa ndio hao hao waliolipua. Sisi tunawashukuru na pia mji ulikwisha, yote mawili ni kweli. Kitabu chenu kina yote mawili?

Mhaya_Bukoba
Mutukula tulisoma kuwa ilitekwa. Kusawazishwa ndio nasikia kwako leo dada.

Nnalongo_Masaka
Haya.

Mnubi_Bombo
Assalam aleikum. Naona kila mtu anaandika yeye ndiye aliyeumizwa, naomba niongeze sisi ambao tumewekwa upande wa walioumiza.

Sisi Wanubi wa Bombo tumeishi hapo tangu enzi za Mwingereza. Amin alipotoka, kila Mnubi alikuwa Amin. Baba yangu alikuwa fundi cherehani, hajawahi kushika bunduki. 1979 tulikimbia na mashine ya kushonea kichwani, tukarudi baada ya miaka, nyumba ina mtu mwingine. Sasa niambieni, kwenye somo la Amin mwanangu anakaa wapi? Mwalimu anaeleza habari za Askofu Mkuu Luwum aliyeuawa Februari 1977, na Jaji Mkuu Kiwanuka aliyetolewa mahakamani mchana kweupe 1972, yote ni kweli na yafundishwe. Halafu darasa zima linageuka kumtazama Ramadhani wangu.

Nilipokwenda shuleni kulalamika nikaambiwa "sisi tunafuata silabasi".

Dr_Kasuku
Hapo Mzee wa Bombo ndipo penyewe. Nchini Rwanda kabla ya 1994 kuna walimu waliokuwa wanawaambia watoto wa Kitutsi wasimame darasani wahesabiwe. Na somo la historia lilikuwepo, tena lilifundishwa kwa bidii! Baada ya mauaji serikali mpya ikasimamisha kabisa kufundisha historia ya nchi kwa miaka mingi, kwa sababu waliona lile somo lilikuwa sehemu ya ugonjwa. Kwa hiyo wale mnaosema historia ni dawa ya vita, punguzeni kidogo.

Mimi ninavyoona, anayeandika kitabu ni aliyeshinda. Tume ya Jaji Oder iliundwa 1986 kuchunguza ukiukaji wa haki za binadamu, ripoti ikatoka 1994. Kazi kubwa, watu walilia mbele ya makamishna. Lakini angalia kipindi ilichopewa: 9 Oktoba 1962 hadi 25 Januari 1986. Siku inayofuata NRA ikachukua Kampala, na inaelekea kuanzia siku hiyo hakuna aliyemkosea mwenzake Uganda.

Emuria_wa_Ngora
Asante Daktari. Sisi Teso tunajua yaliyofuata. Mukura 1987. Watu walikusanywa wakituhumiwa kuwa waasi, wakafungiwa kwenye behewa la treni, wakafa kwa kukosa hewa. Waliofanya ni jeshi la "ukombozi". Kitabu cha shule cha mwanangu kina ukurasa mzima wa reli ya Uganda, ilianza Mombasa lini, ilifika Kisumu lini. Behewa la Mukura halimo.

Adhola_TZR
Ni 11 Julai 1989, Emuria. Watu 69.

Emuria_wa_Ngora
@Adhola_TZR wewe unasahihisha mpaka marehemu. Julai 1989, sawa. Mjomba wangu ni mmoja kati ya hao 69 na sisi nyumbani tunahesabu kwa mvua, si kwa kalenda.

Adhola_TZR
Pole sana ndugu yangu. Sikujua.

Emuria_wa_Ngora
Usijali. Rais alikuja kuomba msamaha baadaye, pakajengwa mnara na shule ya kumbukumbu, na fidia zilitoka kidogo kidogo. Ninachosema, mtoto wa Mukura akifundishwa "amani" bila kutajiwa Mukura, atajua mwalimu anamdanganya, na hatamwamini hata kwenye hesabu.

Ocaka_Gulu
Mwalimu mwenzangu @ChakiNaUfutio, nimechelewa kuona uzi, nilikuwa nasahihisha. Nafundisha sekondari huku kaskazini mwaka wa kumi na kitu. Darasani kwangu pande zote mbili mara nyingine ni nyumba moja: kaka alitekwa na waasi akarudi na damu mikononi, dada alikatwa midomo. Sina nafasi ya kusema "nyinyi" na "wao".

Nitakueleza ninavyofanya, uchukue unachotaka.

Siwaombi simulizi za nyumbani mwanzoni. Naanza na mahali pa mbali kidogo na wao. Nawapeleka Barlonyo, upande wa Lira, ambako LRA waliua watu tarehe 21 Februari 2004. Jiwe la kumbukumbu pale limeandikwa watu 121. Wenyeji watakuambia ni zaidi ya 300, na wako tayari kukuonyesha makaburi. Nawaacha wanafunzi wasimame mbele ya hilo jiwe na daftari, halafu wamsikilize mzee wa pale. Wakirudi swali langu ni moja: kwa nini namba ni mbili? Hapo wanagombana, lakini wanagombana juu ya ushahidi. Nani alihesabu, siku gani, waliokufa hospitali baadaye wamo, waliochukuliwa wasirudi wamo, nani alikuwa na sababu ya kupunguza, nani alikuwa na sababu ya kuongeza. Mtoto aliyekaa wiki mbili na hilo swali, ukimwambia "Anyanya ni nyinyi" atakuuliza umejuaje.

Baada ya hapo ndio naingia Lukodi, kijiji kingine kilichoshambuliwa na LRA, naingia Ongwen, kamanda wa LRA. Alitekwa akiwa mtoto njiani kwenda shule. Mahakama ya The Hague 2021 ikamtia hatiani kwa makosa 61, kifungo miaka 25, na majaji walisema wamezingatia jinsi alivyochukuliwa. Nawagawa darasa. Wa kulia wamtetee, wa kushoto wamshitaki, halafu katikati ya kipindi nawabadilisha viti. Wanachukia sana kubadilishwa. Ndio raha yangu.

Simulizi za nyumbani zinakuja muhula wa mwisho, kwa anayetaka, na nazisoma mimi kwanza.

MamaKinawataka
Hiyo ya kusoma kwanza ni muhimu. Mwalimu wa Kampala ulimsimamisha mtoto na kidonda cha familia mbele ya watu 70 bila kujua kaandika nini.

ChakiNaUfutio
84, kwa taarifa.

Ocaka_Gulu
Na jambo lingine. Kuna wanafunzi waliozaliwa msituni, mama alitekwa, baba kamanda. Wenzao wakikasirika wanawaita Kony. Nilikuwa naye mmoja, fomu ya shule ina mstari wa jina la baba na ukoo wa baba, kila muhula alikuwa analeta fomu ile ile na mstari ule uko wazi, na kila muhula karani anamrudisha akaujaze. Tulipofika mada ya LRA aliniuliza kama anaweza kukaa maktaba. Nikamruhusu. Sijui kama nilifanya vizuri.

Afande_Mstaafu
Ulifanya vizuri.

Ocaka_Gulu
Afande, kwa heshima, kuna swali wanafunzi wangu wananiuliza kila mwaka na sina jibu. Nikiwaambia mtoto mwenye bunduki ni mhanga, wananiuliza: na kadogo? Mbona kadogo wanaimbwa Tarehe Sita, sikukuu ya jeshi ya 6 Februari, na wa Kony wanapelekwa kwenye msamaha?

Afande_Mstaafu
Sisi hatukuamriwa kuua wazazi wetu. Sisi wazazi wetu ndio walikuwa wameuawa. Ni tofauti kubwa.

Dr_Kasuku
Tofauti ya sababu ya kwenda, sawa. Miaka 12 ni ile ile.

Afande_Mstaafu
Nimekusikia. Bunduki ilikuwa inanifika kidevuni, nadhani hiyo unayo tayari kwenye vitabu vyako. Niliporudi shule baada ya 1986 nilikuwa nalala na viatu bwenini. Matroni alinipiga kwa ajili ya mashuka. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyeuliza, na hiyo shule ilikuwa na somo la historia.

Baba_Trevor
Naingilia kama mzazi. Mwanangu P.6 alipelekwa na shule yao pale Mengo, kwenye vile vyumba vya mateso vya Amin chini ya kilima. Hakuna aliyewaandaa. Kiongozi akawaeleza maji, umeme, wale waliosukumwa mle gizani, halafu wakaonyeshwa alama za mikono ukutani. Kisha soda na keki, basi likarudi. Wiki nzima alikataa kuzima taa. Nikamuuliza amejifunza nini, akasema "Amin alikuwa na umeme". Shilingi elfu hamsini nililipa.

Sipingi waende. Napinga kuwapeleka kama wanakwenda Entebbe kuona chui.

Kijana_wa_Ntinda
"Amin alikuwa na umeme" 😭 na sisi Ntinda hatuna tangu jana.

Baba_Trevor
Cheka tu, utazaa.

Nnalongo_Masaka
Baba Trevor, kuna mahali pengine mtu angeweza kuanzia. Huku kwetu upande wa ziwa, Lambu, na kule Kasensero, na Ggolo upande wa Mpigi, kuna makaburi ya Wanyarwanda wa 1994, waliotupwa mtoni Kagera wakaletwa na maji hadi Nalubaale (Ziwa Victoria). Wavuvi wetu ndio waliowaopoa na kuwazika, watu wasiowajua hata majina. Watu waliacha kula samaki kwa muda. Hapo mtoto wa Kiganda, wa Kiacholi na wa Kinubi wote wanasimama kama wageni, hakuna anayetazamwa. Halafu mwalimu arudi nao nyumbani taratibu.

Emuria_wa_Ngora
Hiyo ndiyo hila ya wote: maiti za jirani zinafundishika, za kwetu "zitaleta mgawanyiko".

Nnalongo_Masaka
Nimesema waanzie, sikusema waishie.

Muthukwa_KSE
Kasese hapa. Nimesoma yote, nina swali moja tu. Historia inaanza lini? Kichwamba, 8 Juni 1998, waasi wa ADF walichoma mabweni ya chuo, wanafunzi 80 wakafa. Hiyo inakubalika kufundishwa kwa sababu adui ni ADF. Mpondwe, Juni 2023, wanafunzi tena, ADF tena, sawa. Lakini katikati hapo kuna Novemba 2016, ikulu ya mfalme wa Rwenzururu hapa Kasese, zaidi ya watu mia moja, na waliopiga ni vyombo vya dola. Nikiitaja darasani naambiwa hiyo ni siasa, si historia bado. Wanafunzi wangu wengine ni mayatima wa siku hiyo. Wao wasubiri miaka mingapi iwe historia?

Adhola_TZR
Luweero ilichukua miaka sifuri, ilikuwa kwenye hotuba kesho yake.

Mod_Kizito
Wakuu, tubaki kwenye mada ya kufundisha. Machapisho mawili ya kutaja kabila la kiongozi nimeyaondoa, mnajijua.

MamaKinawataka
Mimi nina wasiwasi na hii imani kwamba mwalimu ndiye atakayeleta amani kwa kipindi cha dakika 40. Huko Acholi wanakunywa mato oput, mkosaji anakiri, koo mbili zinakaa chini, fidia inatolewa. Kukiri kwanza, fidia, ndio kinywaji. Nyinyi mnataka watoto wapatanishwe wakati wazee wao hawajakiri chochote.

Ocaka_Gulu
Mama, mato oput ni ya mauaji kati ya koo zinazojuana. Ukiuliza aliyechomewa nyumba Lukodi atakunywa na nani, hakuna jibu rahisi, aliyefanya alifanya huko na kule, koo mia. Ndio maana wengine walitaka mahakama. Kwoyelo, kamanda mwingine wa LRA, kahukumiwa Gulu 2024, miaka 40, baada ya kesi ya miaka zaidi ya kumi. Hapo mjini kuna waliofurahi na kuna waliosema mwache, alitekwa mtoto. Kwenye familia moja. Ila nakubali mwalimu hawezi kufanya kazi ya mahakama.

Dr_Kasuku
Wala UNEB. Asilimia 20 inatoka shuleni, 80 ni mtihani. Huyo msichana wa Nakaseke akiandika kwenye mtihani alichosoma darasani, msahihishaji atampa ngapi?

Adhola_TZR
Akiandika vizuri, nyingi. Nimewahi kusahihisha. Kinachowaangusha ni kuandika "watu wabaya waliua watu wazuri" ukurasa mzima.

ChakiNaUfutio
Nimerudi. Asanteni wote, hata mlionipiga.

Leo niliwaita wale wawili ofisini, kila mmoja peke yake. Msichana anasema hakumaanisha kijana, amesoma kama bibi alivyosema. Kijana hataki kuongea na mimi, ila aliniuliza kama bibi wa yule msichana bado yuko hai. Nikamwambia sijui. Nilivyomuuliza kwa nini, akasema "basi tu".

Mkuu amekubali ziara moja, nusu siku, basi la shule likipatikana, na isiwe Mengo. Nafikiria moja ya zile kumbukumbu za Luweero, lakini nikimsoma Ocaka naona nimeanza nyuma mbele, ningewapeleka mbali kwanza. Barlonyo ni mbali mno kwa nusu siku. Lambu nayo ni siku nzima.

Nnalongo_Masaka
Ggolo ni njia ya huku huku, saa mbili hata basi likiwa bovu. Ongea na wazee wa pale mapema, na usiwape watoto soda kabla.

Emuria_wa_Ngora
Au uwaulize wao wawili wanataka kwenda wapi.

Afande_Mstaafu
Ukienda Luweero nijulishe. Nitakuja kuwasimulia, bila malipo.

Ocaka_Gulu
Afande aje, ila yule kijana wa Kitgum aambiwe mapema nani anakuja, na apewe ruhusa ya kutohudhuria.

MamaKinawataka
Na Afande asije na magwanda.

Afande_Mstaafu
Magwanda nilirudisha 2009 nyie. Nina suti moja, ya kanisani.

Mnubi_Bombo
Suti ikiwa imebana nitaipanua, cherehani ya baba bado ninayo. Mnapita Bombo njiani, simamisheni basi na kwangu. Kuna la kusimulia pia.